Chui wa Jumapili

Watu wa Kericho walikuwa wakiniuliza kwa nini mtu mzima, mwenye studio yake na tai mbili, anaacha kanisa kila Jumapili na kwenda kukaa kwenye mashamba ya chai. Waliuliza kwa upole, jinsi wanavyouliza watu wa huko, kana kwamba wanaulizia hali ya ng'ombe aliyekataa majani. Jibu nilikuwa nalo, tena zuri. Lakini jibu lenyewe lilikuwa na madoadoa na watoto wawili, na kama ningelitamka lingeuawa kabla ya Jumapili nyingine.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, baada ya mke wangu kufariki. Mimi si mtu wa huko. Kwetu ni upande wa magharibi, na nilifika Kericho nikiwa kijana kumfuata mjomba aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Mashine za kiwanda hazikunipenda, nami sikuzipenda, nikajifunza kupiga picha. Mke wangu alichuma chai mpaka mgongo ukamkataa, kisha akawa ananisaidia studio, akiwachana nywele watoto na kuwaambia maharusi wakaribiane, kwani hawajagombana. Hatukujaliwa mtoto. Alipokufa tulimpeleka kumzika nyumbani, nami nikarudi Kericho peke yangu, nikakuta ndoo yake mlangoni ikiwa bado na maji aliyoyateka mwenyewe. Niliyaacha humo mpaka yakaota ukungu wa kijani. Sikuwa na sababu, sikutaka tu kuyamwaga.

Studio yangu ilikuwa chumba kirefu nyuma ya soko. Mbele kulikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, stuli moja na ua la plastiki. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza nilimosafisha picha za nyeusi na nyeupe. Filamu za rangi nilizituma Nakuru kwa basi. Wateja wangu walikuwa wachumaji wa chai waliotaka kupeleka picha nyumbani ili waonekane wamenenepa, vijana wa vitambulisho, na akina mama wenye watoto waliolia mara tu walipoona kamera. Kazi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsimulia jioni.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa fundi cherehani. Yeye alikuwa Mkipsigis, mwenyeji wa pale, mzee wa kanisa letu, na ndiye aliyeshona sare za kwaya na za shule kwa nusu ya mji ule. Mwaka ule wa fujo za kikabila, watu wa kwetu wengi walipofunga virago wakaondoka, huyu fundi alikuja akabeba kamera zangu moja moja na kuzificha chini ya vitambaa vyake. Kisha akaweka kiti mlangoni kwangu, akakalia mchana kutwa akishona vifungo. Waliokuja kuulizia mwenye studio aliwaambia kwa lugha yao kwamba mwenye studio ni yeye. Kwa hiyo sisi hatukuwa marafiki wa kusalimiana tu. Alikuwa akiniita Bwana Picha, nami nilimwita Fundi, na kila siku chai ya saa nne tuliinywa pamoja kwangu, juu ya meza yangu ya kukatia picha. Mke wangu alipokufa hakunipa maneno mengi. Aliendelea kuja saa nne.

Sasa nieleze chai, maana asiyeishi nayo anadhani ni majani tu. Juu, shamba la chai ni tambarare, limechumwa likanyooka. Chini yake ni nyumba. Ukiinama ukachungulia chini ya ile dari ya majani utaona mashina, giza, na nafasi ya kutosha mnyama kupita bila kutikisa hata tawi. Na kila baada ya miaka michache shamba hupogolewa, yaani hukatwa fupi ili lichipue upya. Kabla ya kupogoa, huachwa kwanza bila kuchumwa lipumzike. Majani hukua ovyo, yakampita mtu kiuno, na hakuna mchumaji anayeingia humo tena mpaka siku ya mapanga.

Shamba la namna hiyo lilikuwa kando ya msitu wa hifadhi unaofuata mto, ule msitu uliopakana na mji wetu. Kutoka stendi ya mabasi hadi ukingo wake ni mwendo wa kumaliza muhindi mmoja wa kuchoma. Watu waliishi hapo miaka yote wakijua msituni mna mbega, paa, na labda nguruwe mwitu. Mbwa wakipotea walisema wameibwa na wapita njia.

Jumapili moja nilikuwa natoka kambi ya wafanyakazi kumpiga picha mtoto mchanga ambaye baba yake alikuwa na safari ya mchana uleule. Nilishika njia ya mkato kando ya lile shamba lililopumzishwa, barabara ya udongo mwekundu, wakati mji mzima uko kanisani. Mbega walianza kufoka msituni. Nikasimama. Mbele yangu chui akatoka kwenye chai, akasimama katikati ya barabara, akaniangalia. Hakuharakisha. Alinitazama jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyekosea mlango, kisha akainua mkia, ncha yake nyeupe ikawa juu, akaingia msituni. Nyuma yake wakatoka watoto wawili wakikimbia kwa miguu mizito isiyolingana na miili yao, wakiifuata ile ncha nyeupe.

Nilikuwa na kamera shingoni na sikuigusa. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba nilikuwa natabasamu, na kwamba sikumbuki mara ya mwisho.

Nilirudi Jumatatu nikaona wachumaji tu, vikapu mgongoni, wakiitana kwa sauti mashamba ya jirani. Nilirudi siku nyingine, hakuna kitu. Jumapili iliyofuata nikaacha kanisa, na hapo akawepo. Ndipo nikaelewa. Siku sita chai ina watu, sauti, trekta na redio. Siku ya saba watu wote wanaosha miguu, wanavaa viatu, wanaenda kuimba. Chui alikuwa ameijua Jumapili kama sisi tunavyoijua. Ndiyo siku pekee aliyowatoa watoto wake kwenye jua.

Kando ya barabara ile kulikuwa na banda la zamani la kupimia majani, mabati yake yametoboka. Nilikaa humo na lenzi ndefu niliyoinunua kwa Mzungu mmoja wa kampuni ya chai alipokuwa akirudi kwao. Askari wa geti la shamba nilimwambia napiga picha za maua, akanionea huruma. Filamu niliyoweka ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu za rangi zingepita mikononi mwa vijana wa Nakuru, na kijana wa Nakuru akiona chui atamwita mwenzake. Nilizisafisha mwenyewe, nikaanika filamu kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, nikazitazama dhidi ya taa. Nilipata mgongo. Nilipata sikio na nusu ya mkia. Nilipata ukungu mtupu mara nyingi, maana asubuhi za Kericho zina ukungu kuliko asubuhi. Nilichotaka ni picha moja: mama na watoto wake wote wawili, barabarani, kwenye jua.

Usiniulize ya nini. Studio ilikuwa imejaa picha za mama na watoto wao. Hii niliitaka mimi.

Ningeweza kuwaambia watu, na labda ningewaambia, kama si mtamba wa Fundi. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mto, mashamba madogo ya chai na mahindi, na alikuwa na ng'ombe wa maziwa wawili na mtamba mmoja aliyemlea kwa chupa kama mtoto. Asubuhi moja mtamba alikutwa kando ya maji, shingo imetobolewa, paja limeliwa. Fundi hakuja saa nne siku hiyo. Siku iliyofuata alikuja, akashika kikombe bila kunywa, akaniambia kwamba wanaume wa kule wameshaweka tayari mbuzi, na dawa ya kupe ya kumtia sumu. Walichokosa ni mahali. Wakiutupa mzoga ovyo porini, watakaoula ni fisi na mbwa wa watu. Walitaka kujua anakolala, waweke nyama mlangoni kwake.

"Wewe unatembea sana kwa chai," akaniambia. "Ukiona nyayo, niambie mimi kwanza."

Nikasema nitamwambia. Niliyasema huku nikimtazama usoni, na filamu yenye mgongo wa chui ilikuwa imeanikwa hatua chache nyuma yangu, upande wa pili wa mlango. Najua kuna watu watakaosoma hapa na kunishangaa. Nami nilijishangaa. Yule mtu alikuwa amekalia mlango wangu akishona vifungo. Lakini kila nilipofungua mdomo niliona wale watoto wakiifuata ile ncha nyeupe, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Basi ikawa hivyo. Wiki nzima nilikuwa mtu wa studio, na Jumapili nikawa mtu wa banda. Nikaanza kuwajua. Mmoja wa watoto alikuwa mpole, akikaa pale alipowekwa. Mwingine alikuwa mtundu. Alipanda juu ya chai, akatumbukia, akaibuka kwingine, kichwa tu kikionekana juu ya majani. Mama akichoka naye humwita kwa sauti ya chini, kama mtu anayekata ubao kwa msumeno mbovu. Niliongea nao. Nasema kweli, nilikaa kwenye lile banda nikiwaeleza habari za wiki, kwa kunong'ona, nani kaoa, nani kalipia picha na nani kajificha. Kisha mvua ya mchana ikaja, wakarudi kwao, nami nikarudi kwangu. Jumapili jioni chumba changu kilikuwa kibaya kuliko siku zote. Nilikula ugali nikiwa nimesimama ili nimalize haraka.

Kanisani kiti changu kikaanza kuulizwa. Kanisa letu halikuwa la kumwacha mtu apotee hivi hivi. Kwanza ilikuja kwaya ya vijana, wakaniimbia mlangoni. Kisha wakaja wazee. Nikasema ni kazi. Wakauliza, kazi ya Jumapili asubuhi, kila Jumapili, mteja hajulikani? Ikasemwa kwamba nisipojieleza nitatengwa, jina langu lisomwe mbele ya watu. Wengine wataliona jambo dogo. Mimi nilikuwa mgeni katika nchi ya watu, bila mke, bila mtoto, bila shamba. Kanisa ndilo lililonifanya niwe mtu wa pale. Likinitoa, nitabaki mpangaji.

Wakamtuma Fundi.

Alikuja saa nne kama kawaida, lakini alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akakoroga chai yake muda mrefu. Akasema wazee wanataka kunisoma Jumapili, na yeye amewaambia wangoje.

"Mimi siko hapa kukuhukumu," akasema. "Nauliza tu. Iko mama?"

Nikaona mlango umefunguka. Sikuuchonga mimi, aliufungua mwenyewe, nami nikapita.

"Iko," nikasema.

Alicheka, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Akanipiga begani. "Si ungesema tu. Mtu si jiwe." Akauliza kama ni wa kwao au wa kwetu, nikasema ni wa hapa hapa. Akauliza kama ana watoto. Nikasema wawili. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mjane basi, masikini, ndiyo sababu mnajificha, mnaogopa midomo. Mimi sikumsahihisha, na yeye akajijazia mengine, yote mazuri. Alipoondoka alikuwa akiimba kidogo kidogo, na cherehani yake ilikwenda kwa furaha mchana wote. Nilimsikiliza kupitia ukuta nikajiona mtu mdogo sana.

Wiki ile watu walinitabasamia sokoni. Mama mmoja wa viazi aliniongezea viwili bila kuombwa. Mwenyekiti wa akina mama, ambaye sote tulimwita Chairlady, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alipita studio bila haja yoyote, akachungulia, akasema nyumba yangu inahitaji pazia. Nilidhani ni umbea tu wa kawaida. Sikujua kwamba walikuwa wanajiandaa.

Jumapili ile ukungu ulitoka mapema. Nilikuwa bandani kabla jua halijashika barabara. Shamba lilikuwa karibu kupogolewa, vigingi vyeupe vimeshasimikwa pembeni, na nilijua siku zangu zinakwisha. Chui alitoka, akajilaza katikati ya barabara kwa ubavu. Yule mpole akaja akalala kwenye tumbo lake. Mtundu akatoka, akauvamia mkia wa mama yake, akauma, akabingirika. Kisha kwa muda mfupi wote watatu wakatulia, vichwa vitatu vikielekea upande mmoja, jua likiwa limewashika manyoya. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Niliipata picha yangu, na nilijua nimeipata kabla ya kuisafisha, jinsi mpiga picha anavyojua.

Nilikuwa bado na jicho kwenye kamera mama alipoinua kichwa. Masikio yakaelekea mjini. Nami nikasikia: watu wanaimba.

Walikuwa wanakuja. Kwaya mbele, kwa sauti nne, ule wimbo wa kumkaribisha bibi harusi kanisani. Chui hakungoja ubeti wa pili. Aliingia kwenye chai iliyopumzishwa, na mpole akamfuata. Mtundu alichelewa. Alibaki upande wa pili wa barabara, akababaika, akaingia kwenye mtaro ulioota nyasi, upande wa banda, upande wangu. Mama alikuwa kushoto, mtoto kulia, na barabara katikati, na kwenye barabara ile wakatokea karibu nusu ya kanisa.

Nilitoka nje ya banda. Walikuwa wamevaa vizuri. Chairlady alikuwa na leso mpya mikononi, kanga ya kujitanda, imekunjwa bado na mikunjo ya dukani. Wengine walibeba chupa za chai, mikate, vikombe kwenye beseni, na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachuliwa, ambacho hakitolewi kwa mtu yeyote tu, hutolewa kwa mgeni wa heshima. Fundi alikuwa mbele yao, amevaa koti lake la harusi za wenzake, anacheka kwa uso wote. Akasema mchungaji amefupisha ibada. Askari wa geti ndiye aliyewaelekeza. Wameona kama sisi wawili tunaona haya kuja kwa kanisa, kanisa litakuja kwetu, limpokee huyu mama mchana kweupe na kumvika leso, kisha taratibu nyingine zitafuata.

Wote wakatazama mlango wa banda. Hakutoka mtu.

Chairlady alinicheka kwa upendo. Akasema amejificha, hata yeye angejificha. Akageukia ile chai ndefu upande wa kushoto, akaita kwa ile sauti yake, "Toka tu mama, usiogope, sisi ni watu wako." Akabana leso kwapani, akashika matawi kwa mikono miwili, akainama kuingia.

Mpaka leo nikiona leso mpya nageuzia macho kwingine. Mama mwenye watoto alikuwa mle ndani, mtoto wake mmoja ametengwa naye, na Chairlady ameshaingiza bega. Ningepiga kelele "chui", wangekimbia wote, na kufikia jioni wanaume wa ng'ambo wangekuwa pale na mbuzi wao. Nisingesema kitu, sijui nini kingetokea. Nilimshika mkono Chairlady nikamvuta, kwa nguvu kuliko adabu.

"Hakuna mwanamke," nikasema.

Akaniangalia bila kuelewa.

"Hakuna mtu humo. Hakujawahi kuwa na mtu. Nilidanganya. Nakuja hapa kukaa peke yangu kwa sababu Jumapili siwezi kukaa nyumbani, na siwezi kukaa kanisani alipokuwa anakaa mke wangu."

Nilikuwa nimetafuta uongo wa pili, nikatokwa na hilo. Nililisikia likitoka na nikajua ni kweli, na likaniuma kuliko nilivyotarajia. Nililia pale barabarani mbele ya kwaya, mimi niliyewaambia maharusi wa mji mzima jinsi ya kusimama.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningewashukuru. Wanawake walitazama chini. Nilimwona mmoja akimnong'oneza mwenzake, na nilijua anachosema: masikini, amechanganyikiwa, alijitungia mke. Chairlady aliikunjua ile leso, akaitazama, akakosa pa kuiweka. Mwishowe akanizungushia mabegani mimi, akaifunga kifuani kwa fundo, kama anavyofungwa mtoto asipate baridi. Nikabaki nayo.

Uso wa Fundi ulikuwa umeanguka. Alichukua beseni la vikombe akaliweka chini, akasema tumeshakuja, tunywe. Wakakaa ukingoni mwa barabara, mgongo kwa chai, wakamimina. Mursik ikamiminwa kwenye kikombe changu kwanza, kwa heshima iliyokuwa ya mtu asiyekuwepo. Mimi nilikaa nikitazama ule mtaro wenye nyasi. Nyasi zilitikisika kidogo, zikatulia.

Walipomaliza, Fundi kama mzee wa kanisa akasimama kuomba. Watu wote wakasimama, wakainamisha vichwa, wakafumba macho. Huko watu wakiomba wanafumba kweli. Alimwomba Mungu anirudishie akili yangu na amani yangu, akamshukuru kwa ajili ya marehemu mke wangu kwa jina lake, na akasema maneno ambayo sikujua kama aliwahi kuyafikiri juu yetu. Nilishindwa kuyasikiliza nikiwa nimefumba. Nikafumbua.

Mtundu alikuwa ametoka mtaroni. Alisimama kwenye udongo mwekundu, nyuma ya watu wale walioinama, akiwatazama visigino. Kutoka chini ya chai ilisikika ile sauti ya msumeno, chini kabisa, mara moja. Mtoto akavuka. Hakukimbia, alitembea tu, akapita karibu na beseni la vikombe, akaingia kwenye giza la mashina.

Maombi yalikuwa yamekatika. Nikamtazama Fundi. Yeye alikuwa amesimama akiwaelekea wote, na macho yake yalikuwa wazi. Sijui kama ndivyo anavyoomba siku zote au kama alikuwa amefumbua kunitazama mimi. Alikuwa anatazama pale mtoto alipoingilia. Kisha akaitazama kamera yangu, ile lenzi ndefu, kisha banda, kisha mimi. Watu walidhani amezidiwa na uchungu. Mama mmoja akasema "Amina" taratibu kumtia nguvu. Fundi akafumba macho, akaendelea pale alipoachia, akaomba mpaka mwisho, sauti ikiwa imenyooka.

Wakaondoka wakiimba, wimbo mwingine sasa, wa polepole. Yeye alibaki nyuma kukusanya vikombe. Nilimsaidia. Hatukutazamana. Alipanga vikombe kimoja ndani ya kingine, akainua beseni, akasimama.

"Ile mtamba yangu ilikuwa na mimba," akasema.

Akawafuata wenzake.

Nilingoja wiki nzima wale wanaume na mbuzi wao. Hawakuja. Fundi hakumwambia mtu, najua, kwa sababu shamba lilipopogolewa wafanyakazi walikuta chini yake mifupa ya mbwa na kitanda cha nyasi kilichopoa, na mji mzima ukashangaa kana kwamba ni habari mpya. Chui alikuwa amewahamisha watoto wake muda mrefu. Picha niliisafisha. Ni nzuri, pengine ndiyo nzuri kuliko zote nilizopiga, na sijapata kumwonyesha mtu.

Nilirudi kanisani. Jina langu halikusomwa. Badala yake niliwekwa kwenye zamu ya kutembelewa. Jumatatu walikuja vijana, Jumatano akina mama na maziwa, Ijumaa mtu na parachichi, na Chairlady alileta pazia. Walikaa, waliongea, walinitazama kwa macho ya huruma ili waone kama ninapona. Studio haikuwahi kuwa na watu wengi hivyo hata mke wangu alipokuwa hai. Saa nne ilipofika nilimimina vikombe viwili, na kupitia ukuta niliisikia cherehani ya Fundi ikienda, ikienda, bila kusimama, mpaka chai ikapoa.